Disemba Ambayo Wote Walirudi Isipokuwa Wewe

Baba Aika,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali. Mwandishi husema yeye ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Mimi ni mzima. Juu yako sina mashaka, maana najua ulipo: uko Old Moshi, nyuma ya nyumba ya mama yako, kati ya migomba na ile mibuni ya zamani uliyokataza isikatwe. Kwa hiyo nitaruka hapo, niende kwenye jambo lililonikalisha kuandika.

Mwezi ujao ni Disemba. Wiki iliyopita niliwaandikia ndugu zako wote ujumbe kwenye kundi la ukoo. Nilisema hivi: kila atakayekuja nyumbani Krismasi hii aje na kisa kimoja cha Baba Aika, cha kumsimulia Aika mbele ya watu. Na asiwepo hata mmoja wa kumwambia mtoto yule kwamba baba yake amesafiri. Kundi lile, ambalo mtu akituma picha ya ng'ombe hupata majibu ishirini, lilinyamaza siku nzima. Kesho yake dada yako mkubwa akanipigia.

"Mama Aika," alisema, "unamtonesha mtoto kidonda. Mwache asahau."

Nilimwambia, "Wifi yangu, shikamoo, lakini hapana."

Nimelisema hilo na sirudi nyuma. Nataka ulisikie kwangu, na barua hii naiacha wazi ili aisome pia yeyote mwenye mtoto mdogo nyumbani na mdomo uliofungwa.

Nianze na unayoyajua. Jumamosi ulikuwa unampakia Aika mbele yako kwenye pikipiki, mnazunguka mazizi ya watu tangu hapa Rau mpaka huko juu, wewe ukichoma ng'ombe sindano, yeye akishika kamba ambayo haikufungwa popote. Mkirudi na kunawa, ulikuwa unamkalisha juu ya meza ya jikoni na kumwuliza, "Haya, leo tumeona nini?"

"Ng'ombe."

"Ee. Ng'ombe mwenye miguu sita."

Alikuwa anacheka mpaka anakwama. "Minne, baba."

"Minne? Una hakika? Basi nilihesabu na ya mwenye ng'ombe." Halafu unamwinamia na kusema lile neno lako: "Kisha?"

Kisha. Ulilisema kama mtu ambaye hakuwepo kabisa huko mlikotoka, na yeye ndiye shahidi peke yake. Basi Aika angekaa sawasawa na kueleza kwamba mama mwenye zizi alitoa maziwa, kwamba maziwa yalikuwa na utando, kwamba wewe ulijipaka utando kwenye pua. Akikwama, unamwongezea kipande kidogo tu, halafu unamwachia tena.

Mimi nilikuwa pale pale jikoni, nikiwasikiliza na kukereka. Chakula kinapoa. Tena mimi ni mwalimu wa darasa la pili, naona kosa kabla sijaona sentensi. Siku moja nikakwambia unamfundisha mtoto uongo, ng'ombe wa miguu sita yupo wapi. Ukanijibu kwa upole, "Mwalimu, huu si mtihani." Nilikununia siku mbili kwa neno lile, na pilau ya Jumapili ile nilikupa ya juu juu, bila nyama.

Nielewe nilikotoka. Nilikulia Tarakea, kwa mama mfanyabiashara wa gulioni mwenye watoto saba. Mama yangu alitupenda, hilo sina shaka nalo, lakini mambo yaliyopita aliyataja kwa kazi moja tu. "Unakumbuka ulivyomwaga mafuta ya taa?" "Unakumbuka ndoo uliyoipoteza mtoni?" Kwetu mtoto hukumbushwa makosa. Yaliyobaki, siku ya mvua ya mawe, siku mbuzi alipoingia kanisani, yalipita na hakuna aliyeyasimulia tena, na leo nikikaa na ndugu zangu kila mmoja ana kipande chake kilichokatika. Nilidhani ndivyo watu wote wanavyoishi. Ndipo nikaolewa na mwanaume anayemwuliza mtoto wa miaka mitatu kwa heshima, kana kwamba anamhoji mzee wa boma.

Mwezi wa sita mwaka jana ulianguka kwenye zizi la watu ukiwa kazini. Moyo, walisema. Mpaka wanakufikisha hospitali ulikuwa umeshatuacha. Aika alikuwa na miaka mitatu na nusu.

Siku ile ile alipelekwa Tarakea kwa mama yangu, ili asione msiba. Nyumbani kwenu ukoo ukakaa kikao kuhusu mambo ya mazishi, na mwishoni mtu mmoja akauliza, mtoto ataambiwaje? Baba yako mkubwa akasema mtoto wa umri ule hajui kifo. Aambiwe baba amesafiri. Atauliza uliza kidogo, kisha atasahau taratibu. Mama yako akaitikia kwa kichwa. Dada yako akaitikia. Wakanitazama mimi.

Nilikubali. Sitawasingizia wazee, hakuna aliyenishika mkono. Nilikubali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumtazama mtoto wangu usoni na kulisema neno lile, na hapo nilikuwa nimeletewa neno jepesi. Nalijutia mpaka leo.

Sasa fikiria ujinga wetu. Tulikaa watu wazima kumi na wanne, Wachagga wote, tukachagua kumwambia mtoto kwamba baba amesafiri. Pengine neno hilo lingeweza kupita. Lakini kwetu mtu akisafiri, mwisho wa safari unajulikana hata na kuku. Aende Dar, aende Mwanza, aende ng'ambo, Disemba anarudi. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha, barabara ya kupanda inajaa magari, mbuzi wanaacha kulia ovyo kwa sababu wachache ndio waliobaki. Aika alikuwa ameshaona Krismasi tatu, na mbili kati ya hizo alikuwa na akili zake zote. Sisi tulimpa fumbo na jibu lake kwa pamoja, na hatukuona.

Alipotoka Tarakea aliuliza mara mbili tatu uko wapi. Tukasema umesafiri. Ulipofika mwezi wa nane akaacha kuuliza. Dada yako akaniambia, "Umeona? Ameshasahau." Nami, Mungu anisamehe, nilipumua.

Tulipanda Old Moshi wiki ya Krismasi. Asubuhi ya kwanza Aika alidai avalishwe gauni la kanisani. Nikamwambia leo si Jumapili. Akasema anajua. Akachukua kigoda cha bibi yake, akakipeleka mpaka kwenye lango, akakaa. Alikaa hapo siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa yake. Gari likipita anasimama, likipitiliza anakaa. Sisi tulikuwa tunamenya ndizi na kuandaa pombe ya mbege, tukasema mtoto huyu anapenda magari, amefanana na baba yake.

Siku ya tatu mdogo wako alifika kutoka Dar. Unajua mlivyofanana kwa nyuma, mabega yale yale, kofia imekaa upande. Alishuka akiwa ametupa mgongo, anatoa begi. Nilikuwa mlangoni nikamwona Aika akikimbia. Sijawahi kumwona mtoto akikimbia vile, gauni limeshikwa kwa mikono miwili. Mdogo wako akageuka. Aika akasimama katikati ya uwanja. Halafu akatembea hatua zilizobaki polepole, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, baba mdogo." Akaitikiwa, akapewa biskuti. Akarudi kwenye kigoda, biskuti haikufunguliwa.

Saa kumi jioni alinifuata jikoni. Alikuwa amekibeba kile kigoda.

"Mama," aliniuliza, "wote wamerudi. Baba amesahau njia?"

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Yetu ilianza mwezi wa sita ikaishia hapo, kwenye mafiga, mbele ya mtoto wa miaka minne aliyevaa gauni la kanisani siku tatu. Nililia kwanza. Halafu nikamshika mkono, nikamtoa nje, nikampitisha nyuma ya nyumba mpaka kwenye lile tuta la udongo lenye mimea ya masale iliyopandwa pembeni. Nikapiga magoti ili tulingane.

"Baba hakusafiri," nilimwambia. "Baba alikufa. Moyo wake ulisimama, na mtu moyo ukisimama hawezi kurudi. Tulimzika hapa. Tulikudanganya."

Alitazama udongo. Akauliza, "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na bibi?"

"Alikuwepo."

"Na baba mdogo?"

"Alikuwepo."

"Mimi tu."

"Wewe tu," nikasema.

Hakulia. Ningeona afadhali angelia. Alikwenda kuvua gauni lake mwenyewe, vifungo viwili vikang'oka, akalala. Siku ya Krismasi hakumsalimia mtu. Mama yako akimnyooshea mkono, anaficha wake mgongoni. Mama yako alinigeukia mimi kwanza: "Umemvunjia mtoto sikukuu, Mama Aika. Ungengoja hata wiki." Nikamjibu kwamba tulishangoja miezi sita, mama. Nilikuwa nimekasirika na yeye, na wewe, na nafsi yangu, na kwa mpangilio sijui nani alikuwa wa kwanza.

Kesho yake, watu wakiwa wamekaa uwanjani wanakula, mama yako aliinuka bila kusema kitu, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jani la isale. Alilifunga fundo. Wewe unajua uzito wa jani hilo. Kwa asiye wa kwetu nimweleze tu kwamba mtu mzima humpelekea mtu mzima mwenzake aliyemkosea sana, na aliyeletewa isale hana njia ya kukataa msamaha. Watu huachiana mashamba kwa jani hilo. Mama yako, na magoti yake yale mabovu, alipita mbele ya ndugu, mbele ya baba yako mkubwa, akaenda mpaka alipokaa Aika, akainama.

"Mjukuu wangu, nimekukosea," alisema. "Nilisema baba yako amesafiri, na nilijua yuko hapa. Nisamehe."

Baba yako mkubwa akaweka chini bilauri. "Shemeji, isale si la kuchezea na watoto."

"Kwani aliyekosewa ni wewe?" mama yako akamjibu, hata hakugeuka.

Aika alilipokea jani kwa mikono miwili. Akalitazama mbele na nyuma. "Nilipeleke wapi?" akauliza. Bibi yake akamwambia halipelekwi popote, ni lake, akae nalo. Akakaa nalo kidogo, kisha akapanda kwenye mapaja ya bibi yake, ndipo akalia, na mama yako akalia, na mdogo wako akaenda kusimama kwenye gari lake akijifanya anatafuta kitu. Mimi pia ninalo deni la jani kama lile kwa Aika. Hii barua ni sehemu yake.

Tungeweza kuishia hapo, tukasema tumetubu yakaisha. Lakini tuliporudi Rau mwezi wa kwanza niliona hatari nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Nikijaribu mwenyewe kurudi nyuma mpaka umri wa miaka mitatu, sikuti kitu. Sioni hata nyumba. Miaka mitatu na nusu ndiyo tu Aika aliyokaa na wewe. Miezi sita tulimkataza kukusema. Nilielewa kwamba nisipofanya jambo sasa, huyu mtoto atakua akiwa na baba wa kwenye picha tu, na wewe utakuwa umekufa mara mbili, na mara ya pili nitakuwa nimekuua mimi.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikamfundisha wewe kama somo.

Kila siku baada ya chakula: "Aika, baba alipenda kuvaa shati la rangi gani?" Anasema, "La kijani." Mimi: "Hapana. La bluu. Jaribu tena. Jumamosi mlikuwa mnaenda wapi?" Anasema, "Kwa ng'ombe." Mimi: "Kwa nani? Taja jina." Nilikuwa na maswali mpaka kumi. Akikosea namsahihisha, akipatia namwambia vizuri, twende la pili. Nilikuwa na haraka, Baba Aika, nilikuwa naogopa kila siku inayopita. Wiki ya tatu akaanza kunijibu, "Sikumbuki." Shati? Sikumbuki. Pikipiki? Sikumbuki. Neno hilo nalijua vizuri, darasani nalisikia kila siku kutoka kwa mtoto anayekumbuka vizuri sana ila ameshachoka kukosea. Niliacha maswali karibu mwezi mzima. Niliona nimeshindwa, na nilikukasirikia wewe uliyekuwa unajua namna ya kufanya na hukuniandikia popote.

Jumamosi moja ya masika, mvua imetufungia ndani, nikapika kiburu. Nikampakulia, nikasema tu, si kwa kumwuliza, "Baba yako alikuwa anakipenda hiki. Alikuwa anamaliza sahani nzima."

"Hakumaliza," Aika akasema. "Alikuwa anampa Simba."

"Simba, mbwa wetu?"

"Ee. Chini ya meza. Aliniambia mimi nisiseme."

Nikaweka mwiko chini. Miaka sita, Baba Aika. Miaka sita nimesonga ndizi na maharage kila Jumamosi nikiamini nimeoa, yaani nimeolewa na mpenzi wa kiburu, kumbe napikia mbwa. Nikaanza kucheka. Aika alinitazama kwa wasiwasi, akitafuta usoni kwangu kama amekosea. Nikajisikia nikisema, bila kupanga:

"Kisha?"

"Kisha Simba akatapika."

Nusu ile ya kisa ninayo mimi. Siku Simba alipotapika nilikwenda kwa jirani kumgombeza kwamba amemtegea mbwa wetu sumu, na jirani akaapa kwa watoto wake. Na wewe ulikuwepo, bwana mifugo mzima, umechuchumaa umeshika ulimi wa mbwa, unatikisa kichwa kwa huzuni kama daktari aliyeshindwa. Nilimsimulia Aika hiyo sehemu. Hakuijua. Akataka niirudie. Mara ya pili akaniongezea kwamba ulikuwa umemkonyeza yeye. Tulikula kiburu chote siku ile, sisi wawili, tukikusema.

Hapo ndipo nilipozielewa Jumamosi zenu. Ule mguu wa tano na wa sita ulikuwa unamwachia mtoto mlango wa kuingilia. Ulijifanya hujui ili yeye ajue. Mimi nilifunga kila mlango kwa jibu sahihi. Sasa na mimi hukosea kwa makusudi. Nasema baba alikuwa na pikipiki nyekundu yenye mbawa, na Aika ananisahihisha kwa sauti ambayo, nasikitika kusema, ni yangu ya darasani. Wakati mwingine anakosea yeye. Ameshika kwamba ulimpandisha mpaka juu mlimani mkala barafu. Mwaka ule tulifika geti la mlima tu, tukala mayai tukarudi. Zamani ningesema hapana. Siku hizi nasema, "Mimi nakumbuka mayai. Wewe unakumbuka barafu?" Anasema ee. Basi tunaendelea na mayai na barafu.

Si kicheko tu. Aliwahi kuniuliza kama uliumia ulipoanguka. Nikamwambia ninachokijua, kwamba ilikuwa haraka, na nisichokijua nikamwambia sikijui. Alilia. Nikamshika mpaka akamaliza, akaomba uji. Wifi yangu anasema ni kidonda. Kama ni kidonda, basi mimi ndiye ninayekiosha, na kinachooshwa huuma. Kile tulichokifunika miezi sita ndicho kilichomkalisha mtoto langoni siku tatu.

Mama yako naye amebadilika. Tukipanda siku za Jumapili anamsimulia ulivyokataa kunyolewa ukajificha kwenye pipa la mbege tupu, ukalala humo, kijiji kizima kikakutafuta mpaka kwenye mfereji. Ulinificha hilo pia. Hata darasani kwangu nimepunguza wino mwekundu. Nikiwaambia watoto waandike kuhusu nyumbani, wale wanaoongea na wazazi wao nawajua kwa mistari miwili ya kwanza. Na wale wengine, nawaita pembeni nawauliza: kisha?

Kwa hiyo Disemba hii ndugu zako wataongea. Nimemwambia dada yako anaweza kuja na kisa kifupi, hata cha makosa yako, navyo najua ni vingi. Mdogo wako ameshaahidi viwili. Baba yako mkubwa bado hajajibu. Nitamkalisha karibu na Aika, na yule mtoto akimtazama usoni atasema tu. Asiye na kisa ataosha vyombo. Na mtoto mwingine yeyote wa ukoo huu akifiwa, hatutakaa tena kikao cha kumtafutia uongo, mimi nikiwa hai.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kuna jambo la Jumapili iliyopita, na kuna asubuhi ambayo sijaigusa.

Asubuhi ya mwisho tulikuwa hatusemezani. Sababu siiandiki, ni ndogo mno, naona haya. Uliondoka bila kuaga, nikasikia pikipiki ikifika barabarani, kisha ikarudi. Nilikuwa bafuni. Nilijua umesahau kitu. Nikafungulia bomba kwa nguvu ili usije ukanisemesha. Nilipofunga maji ulikuwa umeshakwenda. Sijamwambia mtu hadi leo.

Jumapili tulikuwa tunashuka kutoka kanisani huko Old Moshi, Aika mbele, mimi nyuma. Akasimama akageuka.

"Mama, unajua baba alivaa mabuti vibaya?"

"Lini?"

"Siku alipoyasahau. Akarudi. Nikamletea, moja mkono huu, moja mkono huu. Akavaa la kushoto huku kulia. Akatembea hivi." Akanionyesha, magoti nje, vidole ndani, kwenye njia, mbele ya kina mama wawili waliokuwa wanapita.

"Kisha?"

"Kisha akayavua akavaa vizuri. Kisha akaninyanyua juu. Kisha akaenda."

Swali lilinifika mpaka kwenye meno: alisema nini kuhusu mama? Nikalimeza. Ningeliuliza, angenitafutia jibu, maana ananipenda, na angelipata. Kuanzia hapo asubuhi ile ingekuwa yangu. Si yangu. Nilikuwa nimefungulia maji. Kisa hiki hakupewa na mimi, wala na bibi yake, wala na mtu yeyote. Alikishika akiwa na miaka mitatu na nusu, akakitunza peke yake wakati wote tulipokuwa tunamwambia umesafiri.

Nikasema, "Nionyeshe tena alivyotembea."

Akanionyesha. Nami nikamfuata nyuma kwa viatu vyangu vya kanisani, magoti nje, vidole ndani, mpaka barabarani.

Pumzika hapo nyuma ya nyumba. Tutakuja sote.

Mkeo,
Mama Aika